Mzee Aliyeandika kwa Kufuta

Kazi ya kusafisha nyumba za watu nimeifanya Brussels miaka mingi, na nyumba nyingi nimeshazisahau. Ile ya mtaa wa Uccle sijaisahau. Ilikuwa ya mzee mmoja Mjerumani, mshairi, mjane. Mke wake alikuwa mkalimani kwenye ofisi za Ulaya, ndiye aliyemleta mzee hapa, halafu akafa akamwachia nyumba yenye ngazi nyingi na binti mmoja aliyekaa kwao Ujerumani. Nilianza kwake mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Jumanne na Ijumaa. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwetu Likasi, Katanga, kwa masista. Sikujua kwamba kuandika mashairi ni kazi ya kumlisha mtu. Bon, baadaye niliona kwamba kweli haikumlisha sana, mshahara wa mke ndio ulimlisha.

Siku ya kwanza aliniambia nifute vumbi popote, isipokuwa mezani. Mezani hakuguswi. Pale palikuwa na karatasi, penseli na kifutio, basi. Asubuhi anaandika mistari mitatu, saa nane anafuta miwili. Mimi nafagia mabaki ya kifutio chini ya kiti, kila mara nafagia.

Nikamuuliza, "Monsieur, kama unajua utafuta, unaandika kwa nini?"

"Ili nijue cha kufuta, Madame."

Nikamwambia kwetu fundi wa nyumba akijenga namna hiyo, watu watalala kwenye mvua. Akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka.

Vitabu vyake vilijaa rafu mbili. Vingine vya mashairi, vingine vya kuwasema Wajerumani wenzake: kwamba baada ya vita waliketi mezani, midomo imejaa chakula, macho chini, hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Alipokuwa kijana walimchukia kwa maneno hayo. Halafu wakampa zawadi. Halafu wakamsahau. Nilipoanza kazi, bado watu walikuja na vinasa sauti, nawapikia kahawa. Miaka ikapita, kwenye sanduku la barua nikawa naokota matangazo ya supamaketi tu.

Kitu alichokuwa akikitafuta ni kimoja. Baba yake, wakati wa vita, alikuwa karani wa kituo cha treni. Alikuwa akigonga muhuri kwenye karatasi za watu wanaopakiwa ndani ya mabehewa, wale ambao hawakurudi. Vita ikaisha, baba akaendelea kituo kilekile, akazeeka, akapata pensheni, akapanda maua. Mzee alimwuliza mara moja, akiwa na miaka kumi na saba. Baba akaendelea kunywa supu. Vitabu vyake vyote, aliniambia, vilikuwa vinaizunguka ile supu tu. Sasa alitaka shairi moja la kumsema baba yake waziwazi, kabla kichwa hakijamwacha. Na kichwa kilikuwa kimeanza kumwacha. Funguo nilizikuta ndani ya friji. Mimi mwenyewe aliniita kwa jina la marehemu mke wake.

Ijumaa moja nikiwa napiga pasi akaniuliza, "Na kwenu, Madame, treni ilibeba watu?"

Sikupenda lile swali. Lakini nilimjibu, na hata leo sijui kwa nini. Nilimwambia jambo ambalo watoto wangu hawalijui: mwaka ule Wakasai, watu waliokuja kutoka mkoa mwingine, walipofukuzwa Katanga, majirani zetu walilala kituoni Likasi majuma na majuma wakingoja treni, watoto wanakufa pale chini, na mume wangu akarudi nyumbani na kitanda chao. Mimi nikatandika shuka.

"Mlikuwa mnafahamiana?"

"Yule mama ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa pili."

Hakunipa pole. Angenipa, ningeiacha kazi siku ileile.

Jumanne iliyofuata akanipa bahasha yenye karatasi zake. "Peleka kwako. Nikikaa nazo nitazifuta zote. Nikikuomba, usinipe. Hata nikilia."

Ndivyo tulivyofanya kazi kuanzia hapo. Kila Ijumaa ananipa kile alichoshindwa kukifuta, mimi napanda tramu mpaka kwangu Berchem-Sainte-Agathe, naiweka bahasha kabatini chini ya vitenge vya kanisa. Mara moja tu aliniomba. Alisimama mlangoni mwa jikoni na slipa zake.

"Neno moja tu, Madame. Kuna neno moja linadanganya."

"Hapana, Monsieur."

"Ni karatasi zangu."

"Ni zako. Ziko kwangu."

Akanitukana Kijerumani, nadhani ni matusi, sauti ya matusi haihitaji shule. Ijumaa akanipa bahasha nyingine kama kawaida. Miaka sita ikapita hivyo.

Halafu akaanguka kwenye ngazi, akapelekwa hospitali. Binti yake akanipigia simu: anakuja Alhamisi. Siku hiyohiyo ya simu binti yangu mkubwa alikuja kwangu kuazima kitenge, akafungua kabati.

"Maman, hizi ma-enveloppe ni za nani?"

"Za muzee wa Uccle."

"Muzee iko hôpital, mutoto yake anakuja, na weye uko na ma-papier yake mu armoire?"

"Alinipa mwenyewe."

"Nani alisikia? Alors, akikufa batasema nini? Batasema maman alimuibia, kisha akamuloga."

"Bazungu habaamini mambo ya kuloga."

"Habaamini, lakini bako na polisi. Rudisha bintu ya batu, maman."

Alikuwa amesema neno la kwetu. Kwetu mtu akiugua sana, kila mwenye kitu chake anakirudisha kabla ndugu hawajafika. Atakayekutwa nacho ndiye amemla kwa uchawi. Nilishaona mjane akivuliwa vitenge njiani kwa sababu ya saa ya mkononi ya marehemu. Na mimi, mambo ya kukaa na vitu vya watu nayajua. Jumatano nikachukua ufunguo wangu, nikaenda Uccle, nikapanga bahasha zote mezani, ya zamani chini, mpya juu. Nilirudi nyumbani kifua chepesi, nikalala vizuri. Hilo nalo niliseme.

Binti wa mzee akafika, akaenda moja kwa moja hospitali, kesho yake akamrudisha baba yake nyumbani. Bahasha aliziona. Hakuzigusa. Alilelewa katika nyumba ambamo mezani hakuguswi. Jumatatu akarudi kazini kwake Ujerumani.

Jumanne nikafungua mlango. Mzee ameketi mezani, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Mbele yake karatasi zimepangwa, nyeupe, zote. Mahali pengine mkono ulikuwa umepita kwa nguvu na karatasi imechanika. Chini ya kiti mabaki ya kifutio yalikuwa mengi kuliko siku yoyote.

"Nimemaliza, Madame," akasema.

"Monsieur, uliniambia nisikupe."

"Sikukuomba. Umeniletea mwenyewe. Nikajua sasa ninaruhusiwa."

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonishinda, ile furaha. Ningemwambia nini? Kwamba nilizirudisha kwa kuogopa ndugu zake? Nikachukua ufagio. Nilifagia chumba kizima na yeye akiniangalia, na hakuandika tena hata jina lake. Alikufa kabla ya Pasaka.

Baada ya maziko binti yake alinikalisha jikoni. Nilimweleza yote, kabati, vitenge, Jumatano. Hakunigombeza. Alichukua karatasi moja, akaiinamisha dirishani, akatafuta mikwaruzo ya penseli kwa kidole. Akasoma maneno mawili, akakwama. Baadaye nilisikia alizipeleka kwa wataalamu huko kwao wenye taa za kusomea maandishi yaliyofutwa. Walitoa maneno machache yasiyoshikamana, hakuna aliyechapa kitu. Lakini siku ile, jikoni, alikuwa bado na tumaini kwangu.

"Alikwambia lilisema nini? Lile shairi la babu yangu?"

"Alinieleza. Kwamba babu yako aligonga mihuri kituoni, akarudi nyumbani kunywa supu."

"Hiyo tunaijua, Madame. Sote tunaijua tangu zamani. Nauliza yeye aliisemaje."

Nilikaa na zile karatasi miaka sita. Nilizifungulia mlango wa kabati zisipate unyevu, nilizihamisha na vitenge vyangu kila nilipofanya usafi. Kila Ijumaa nilikaa nazo magotini ndani ya tramu, nikivuka mji mzima. Ziliandikwa Kijerumani, na sikuwahi kumwomba anisomee hata mstari mmoja. Nilidhani kazi yangu ni kushika.

"Sijui," nikamwambia.

Akaosha kikombe chake mwenyewe, akaniomba ufunguo, nikampa.