Mkia Mwembamba Niliomficha Shemeji

Siku niliyoletewa zawadi kubwa kuliko zote maishani mwangu, niliipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikaingia chooni nikatapika.

Fimbo kumi na moja za kuvulia. Na sanduku zima la vyambo alivyotengeneza mwenyewe kwa miaka ishirini.

Aliyezileta ni Verlon, kaka wa mke wangu.

Na mimi ndiye niliyemmaliza.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana hili jambo sijawahi kulitoa lote.

Naitwa Harlan. Naishi Alabama, Marekani, karibu na ziwa Guntersville. Kwetu Jumamosi watu wako ziwani, na Jumapili wako kanisani wanazungumzia ziwa. Samaki tunayemtafuta ni besi, mdomo mkubwa, mkorofi, akivuta mshipi unasikia mpaka begani.

Klabu yetu ina watu ishirini na wanne. Kila Oktoba tunashindana siku moja, anapatikana bingwa. Zawadi ni kibao cha mbao kilichochongwa samaki, basi. Lakini jamani, kile kibao! Watu wanakitafuta kama cheo.

Verlon anavyo sita.

Mimi miaka kumi na minne, sina hata kimoja.

Uvuvi wote ninaoujua alinifundisha yeye. Silaha yake ni jigi, yaani ndoana yenye kichwa kizito cha risasi na sketi ya nyuzi za mpira. Nyuma yake unachomeka mkia wa plastiki laini, halafu unaivuta mfululizo juu ya majani ya majini kama kisamaki kinachokimbia.

"Jigi kila mtu anayo," alikuwa akiniambia. "Mkia ndio unaoongea na samaki. Angalia kwanza anakula nini, ndipo uchague mkia. Usichague unaokupendeza wewe, wewe si samaki."

Halafu Februari kiharusi kikampiga.

Alipona, ila mkono wa kulia ukabaki mzito. Miezi minane shemeji yangu aliminya kimpira cha mazoezi, asubuhi, mchana, jioni. Alikuwa na swali moja tu kichwani: bado nitamsikia samaki akigusa?

Oktoba ikafika. Tukaingia ziwani kwenye boti yangu, mimi mbele, yeye nyuma. Kila mtu anahesabiwa samaki wake.

Tulianza wote na mkia mpana, ule wenye mapezi mawili yanayopigapiga maji. Saa nzima, kimya.

Kisha nikaona visamaki vyeupe vinaruka pembeni ya majani. Vidogo, havizidi kidole changu cha mwisho. Nikakumbuka somo. Nikachomoa mkia mpana, nikachomeka mweupe mwembamba, uliogawanyika nchani, ambao hautikisiki sana. Nikaukata kwa mkasi ukawa mfupi zaidi. Nikarusha. Nikavuta haraka kidogo, jigi ikigusa majani naipa mtikiso.

Paa! Ratli nne.

Mrusho wa tatu, paa! Ratli tano na ushee.

"Ehee, Harlan!" Verlon akashangilia, kweli kabisa, kama samaki ni wake. "Umefunga mkia gani, shemeji?"

Nilikuwa nimempa mgongo, namtoa samaki ndoana.

Sijui nini kilinipata. Hapana, najua. Nilikiona kile kibao.

"Ule ule," nikasema. "Ule mpana."

"Sawa. Basi nami niendelee nao."

Hakunyanyua hata shingo kuhakikisha. Kwa nini ahakikishe? Ni mimi.

Nikaendelea kuvua. Yeye akaendelea kurusha na ule mkono mzito, jasho linamtoka kwenye baridi ya Oktoba. Saa nne hivi nikamsikia anaongea polepole, kama anajiuliza mwenyewe.

"Nahisi kama wananigusa. Au hawanigusi. Sijui. Huenda ni mkono huu."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kuwa binadamu. Pakiti ya mikia myembamba ilikuwa mfukoni mwangu, hatua tatu kutoka alipokaa.

Nikasema, "Huenda kweli ni mkono, shemeji. Usijilazimishe."

Akaiweka fimbo chini. Siku ile hakuishika tena.

Nilichukua ubingwa. Verlon alinipigia makofi kwa mkono mmoja, akiupiga pajani.

Wiki iliyofuata ndiyo akaja na zile fimbo.

"Chukua wewe," akasema, akizishusha kwenye pikapu moja moja. "Mkono umekufa. Mvuvi hawezi kuwa mtu asiyesikia samaki. Afadhali ziwe kwako kuliko kwa mtu baki."

Mke wangu Nadine akamkumbatia analia. Mimi chooni.

Nilidhani nitazoea. Wapi! Kibao kiko ukutani, kila nikinywa kahawa kinanitazama.

Kisha Nadine akarudi kutoka kwa kaka yake amenuna.

"Kaacha mazoezi," akaniambia. "Kile kimpira kakitupa. Anashinda mbele ya televisheni, hata kifungo cha shati anataka afungiwe. Harlan, huko ziwani kulitokea nini?"

"Hakuna," nikasema.

Uongo wa tatu huo. Na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza, hicho ndicho kilichoniogopesha.

Jumamosi asubuhi nikapakia fimbo zote kwenye gari, na kibao, na ile pakiti. Nikamkuta Verlon barazani, blanketi magotini, chai imepoa mezani.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani. Yakayeyuka yote.

"Verlon, siku ile nilikudanganya. Mkia haukuwa mpana." Nikamwekea pakiti mezani. "Ulikuwa huu. Samaki walikuwa wanakula visamaki vidogo. Mkia wako walikuwa wanaugusa na kuuacha kwa sababu ni mkubwa. Nilijua. Nikakuacha."

Akaivuta pakiti karibu, akautoa mkia mmoja.

"Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo... zile nilizosikia..."

"Zilikuwa kweli. Walikuwa wanagusa."

"Nilisikia sawasawa?"

"Ulisikia sawasawa."

Akauinua mkono wa kulia mbele ya macho. Akakunja vidole. Akakunjua. Akakunja tena.

"Si mkono," akasema.

"Si mkono."

Jamani, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa ngumi. Sikujiandaa kumwona mzee wa miaka sitini na mbili akiangua kilio huku anacheka, mkono ameukumbatia kifuani kama mtoto aliyepotea akapatikana.

"Asante," akaniambia. "Ee Mungu. Asante, Harlan."

Mimi nikalia pia. Nikanyoosha mkono nimshike bega, nikijua yameisha, tumesameheana.

Akautoa mkono wangu begani. Kwa ule mkono wake wa kulia. Ulikuwa na nguvu.

"Shusha fimbo zangu," akasema. "Halafu utoke hapa kwangu."

Nikashusha zote kumi na moja. Hakunisaidia, hakuniangalia.

Kibao nilikirudisha klabu na kuwaeleza wenzetu wote ishirini na wawili waliobaki, nimesimama. Wakanifungia msimu mzima.

Verlon anavua sasa. Anavua na Dewitt, mtu ambaye hatukuwa tunamsalimia, ni mbishi mpaka unachoka. Machi nilikuwa kwenye gati nikawaona kwa mbali. Shemeji yangu alirusha, akavuta, akasimamisha fimbo ghafla, na nikasikia akipiga kelele ya furaha mpaka bata wakaruka.

Nilitaka sana kumuuliza amefunga mkia gani.

Nadine hajaondoka, lakini kwa muda mrefu aliniuliza kila kitu mara mbili. Umefunga mlango? Kweli umefunga?

Ninachowaambia ni hiki. Mimi nilidhani nimeficha kipande cha plastiki. Huwezi kujua mtu atauchukua uongo wako akajengee nini. Wangu, mtu aliutumia kujengea kaburi la mkono wake mzima.

Kama kuna mtu umemdanganya, hata kwa jambo dogo la kuchekesha, nenda kamwambie leo. Usiende kutafuta msamaha, huenda usiupate, mimi sijaupata. Nenda tu, kwa sababu labda saa hizi amekaa mahali peke yake, anajilaumu kwa kosa ambalo ni lako.