Vasemaca na Hesabu ya Abiria

Binti yangu Vasemaca hutengeneza programu za kompyuta hapa Suva. Ile inayokata tiketi za meli za visiwani ni kazi yake na vijana wake. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Jina letu halijawahi kuguswa na uzembe, na sikusudii lianze leo.

Jumamosi moja tulikuwa kwa kaka yangu, Ratu Filimone, mwenye kampuni ya meli, tumezunguka bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi iliyopondwa. Mkataba wa Vasemaca ulikuwa ukingoni, na aliyesubiriwa kuutia saini upya ni huyo huyo mjomba wake. Meneja wa kampuni ni mwanawe, Semi. Kwetu mabinamu wa namna hiyo ni watani, na ombi la mtani mbele ya bakuli halikataliwi.

"Binti wa mwalimu," Semi akaanza, "hii rangi ya tiketi kama matapishi ya abiria!"

"Niliichagua nikikutazama wewe. Jumatatu utapata nyingine."

Akataka maandishi yakuzwe, akakubaliwa. Ndivyo walivyozoea: neno, kicheko, kazi imekwisha.

"Basi na watoto wa kupakatwa wasihesabiwe. Krismasi hiyo, watu wanakosa nafasi. Si mstari mmoja tu?"

Vasemaca akaweka kifuu chini. "Ni mstari mmoja. Ila hilo sifanyi kwa maneno ya mkekani. Liandike, nahodha asaini, tulifanyie majaribio, ndipo liingie."

Kaka yangu akamkazia macho. "Unadai karatasi kwa damu yako?"

Uso wangu uliwaka, lakini sikumwombea msamaha.

Vasemaca akapiga makofi ya heshima. "Mjomba, wewe mwenyewe huingii nyumba ya mtu bila kutanguliza mizizi ya yaqona, hata awe ndugu yako. Rangi ni barazani, apite yeyote. Hesabu ya watu ni chumba cha ndani."

Semi akaandika, huku akinung'unika.

Nahodha alipolisoma ombi hilo alikataa kusaini. Mtoto wa kupakatwa naye ana jaketi lake la kuokolea, na majaketi melini hayaongezeki kwa sababu ya Krismasi.

Wiki iliyofuata Semi alibisha kwangu na fungu la mizizi ya yaqona. "Shangazi, nimekuja kumwomba radhi yule mkaidi wako. Mzee amesaini mkataba, na ametaka utaratibu ule wa nahodha uandikwe humo humo."

"Rangi mpya je?" Vasemaca akauliza kutoka jikoni.

"Mbaya kuliko ya kwanza!"

Nikamtandikia Semi ule mkeka wa wageni wa heshima.