Tumbo Lililopewa Jina

“Mimba gani hii? Hata twiga wa kule kwetu mbugani Ruma angekuwa ameshazaa!”

Hivyo ndivyo Celestine alivyolalamika, Jumapili mchana, amesimama mlangoni pake hapo Masara, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango na mwingine umeshika tumbo. Uani walikuwa wamejaa wanawake wa kanisa letu, na kanzu zao nyeupe, na ngoma zao. Walikuja kila mwezi kuliimbia lile tumbo. Mbele yao alisimama Rispa, ambaye sisi wote tunamwita Mama Nabii, kwa sababu yeye ndiye huona maono halafu sisi tunapiga makofi.

“Punguza sauti, nyar Lambwe,” Mama Nabii akamwambia. “Mtoto anasikia.”

“Kama anasikia, mwambie atoke.”

Mtu akacheka nyuma huko, akajifanya anakohoa.

“Sara alingoja,” Mama Nabii akasema.

“Sara alikuwa anatokwa na damu? Nisomee hapo. Nisomee mahali Sara alikuwa anabadilisha vitambaa kutwa kama mimi.”

Ngoma zikanyamaza. Neno damu halikuwa limewahi kutajwa uani mbele za watu. Javan, mumewe, alikuwa ameketi kwenye jiwe anakwaruza matope kwenye buti zake. Hakuinua kichwa.

“Hiyo ni kutakaswa,” Mama Nabii akasema polepole. “Na kumbuka tulivyokubaliana. Anachofuma Mungu hakichunguliwi kwa mashine.”

Celestine akaingia ndani akafunga mlango. Wakaimba wimbo mmoja, kwa aibu tu, wakaenda.

Mimi, Min Clifford, yaani mama yake Clifford, ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hivyo ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe. Celestine ni mtu wa Lambwe, Homa Bay, ndiyo maana anaitwa nyar Lambwe, binti wa Lambwe; aliolewa huku Migori akiwa msichana mwembamba mwenye maneno mengi. Kazi yake ni mawe. Wanaume wanashuka mashimoni, wanawake wanapasua mawe kwa nyundo na kuosha ule mchanga juu ya gunia, wakitafuta dhahabu ambayo ukiipata haijazi hata ukucha. Hakuna mwanamke aliyempiku kwa nyundo. Alikuwa akipiga jiwe huku anagombana na mtu upande wa pili, na jiwe linapasuka mahali alipotaka.

Kilichomsumbua ni kwamba hakuzaa. Watu wa hapa wana adabu ya ajabu: wanakusalimia vizuri, halafu wanakuuliza watoto hawajambo, na wanajua huna.

Sasa Pasaka moja, kama miaka miwili kabla ya ugomvi ule, Mama Nabii akamwekea mkono kichwani mbele ya kanisa zima. Akasema amemwona mzee Willis, marehemu baba yake Javan, amesimama mlangoni kwa Celestine anaomba maji ya kunywa. Kwetu Waluo marehemu akija hivyo ni kwamba anataka mtoto aitwe jina lake. Kanisa letu hufundisha kwamba hayo ni mambo ya giza, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka mafundisho. Tulipiga vigelegele. Na kweli, haikupita muda, tumbo likaanza kufura.

Basi likapewa jina. Sio mtoto, tumbo. Watu walikuwa wakipita wanasema, “Willis hajambo?” Tulifanya ibada ya shukrani, kuku wakachinjwa, mtu akafuma kofia ndogo. Javan, mtu ambaye ukimsalimia hujibu kwa kichwa, alianza kuimba akienda shimoni. Jioni alikuwa anaketi karibu na lile tumbo anazungumza nalo kwa Kijaluo, analiita baba.

Aliyeharibu mambo ni Hibo. Hibo ni mama Msomali mwenye duka la vitambaa Migori mjini, na mdomo wake hauna breki kama wangu. Tulienda kwake siku chache baada ya ule ugomvi wa uani, Celestine akitaka shali ya mtoto. Hibo akamtazama Celestine alivyoegemea kaunta, midomo yake imekuwa myeupe kama chokaa.

“Dada, wewe unaumwa,” akasema.

“Nina mimba.”

“Mimi nimezaa saba. Hiyo mimba inacheza?”

Celestine akavuta shali moja akaanza kuikunjua.

“Nakuuliza, inacheza? Inakupiga teke?”

“Saa zingine... inabana.”

“Kubana si kucheza. Siuzi shali leo. Vuka barabara, pale kuna kliniki, upigwe picha. Ukirudi na mtoto nitakupa shali bure, na Mungu ni shahidi.”

Nilidhani Celestine atamtukana. Alivuka barabara.

Kijana wa mashine akampaka ile dawa ya baridi tumboni, akazungusha kile chombo. Akatazama. Akazungusha tena. Alipoanza kuongea aliongea na mimi, sio na mwenye tumbo, nikajua. Hakuna mtoto. Hakujawahi kuwa na mtoto. Ni uvimbe kwenye kizazi, mwingi, mmoja mkubwa kama kichwa.

“Zungusha tena,” Celestine akasema.

“Mama, nimeangalia.”

“Labda amelala upande. Zungusha.”

Akazungusha, masikini, kijana wa watu. Celestine alikitazama kile kioo kama mtu anayetafuta mtu wake kwenye umati. Halafu akashusha nguo, akasema twende nyumbani.

Nilikuwa pale alipomwambia Javan. Alimwambia wima wima, bila kuzungusha: si mtoto, ni uvimbe, na kule kliniki wamesema daktari atataka kutoa kizazi kwa sababu damu inaisha.

Javan akasimama. “Baba yangu ndiye mnaita uvimbe?”

“Javan, niliona kwa macho yangu.”

“Jina limeshatajwa. Kanisa limeshashukuru. Nikubali akatwe atupwe kwenye ndoo? Nimzike baba yangu mara ya pili?”

“Na mimi je? Mimi utanizika mara ngapi?”

Akatoka nje. Nilitaka kumfuata nimwambie maneno, lakini Celestine akanishika mkono. “Mwache, Min Clifford. Alikuwa anaongea nalo kila jioni. Mwache kidogo.”

Hatukupata nafasi ya kumwacha hata kidogo. Asubuhi iliyofuata Celestine alianguka kwenye mawe, nyundo bado iko mkononi, na mchanga chini yake ukawa mwekundu. Tulimpakia kwenye gari la jirani, Probox, kichwa mapajani mwangu. Javan akakaa mbele. Kule hospitali ya Migori wakatuambia damu ya aina yake haipo siku hiyo, wakapiga simu, wakatutuma Homa Bay. Wakamtundikia maji, mimi nikawa mti wa kushikilia chupa.

Pale Awendo trela la miwa lilikuwa limeangusha mzigo barabarani. Watu wanaokota miwa, wanacheka, wanatafuna. Dereva anapiga honi. Nilitoa kichwa dirishani nikawatukana kwa lugha tatu. Niliporudisha kichwa ndani, Celestine macho yamefunga.

“Celestine! Wewe! Nani alikuruhusu kulala?”

“Silali. Ninaomba. Nyamaza, utaniharibia.”

Javan aligeuka akatutazama. Halafu akafungua mlango, akashuka, na kwa mikono yake akaanza kuvuta ile miwa kando, akisukuma watu. Nao walipoona uso wake wakaanza kumsaidia.

Hospitalini Homa Bay hawakutuzungusha. Daktari, mwanamke mdogo wa umri, alimgusa, akasoma karatasi, akasema mbele yetu sote: damu aongezwe sasa hivi, na aende chumba cha upasuaji leo leo. Nitajaribu kuacha kizazi, akasema, lakini siwezi kuahidi, na kwa vile nionavyo kitatoka.

Javan akatoka kwenye korido akampigia Mama Nabii. Simu ya Javan inapiga kelele kama redio, kila mtu alisikia.

“Usikubali!” Mama Nabii alikuwa anasema. “Uhai wa mwili u katika damu. Unajua hiyo ya kwenye mfuko imetoka kwa nani? Mlevi? Mchawi? Unaingiza chira ya watu, laana ya miiko yao, ndani ya nyumba yako! Na kizazi ni mlango wa Mungu, binadamu haufungi!”

Sikuvumilia. Nilichukua simu. “Mama Nabii, chira si ulisema ni ushetani? Ulituhubiria wiki nzima. Leo imeokoka?” Nikakata.

Javan hakunigombeza. Alichukua simu yake akaitia mfukoni. Muuguzi wa pale, Bitutu, mama mnene wa Kisii, alimletea karatasi ya kukubali upasuaji. Akamweleza kwamba mgonjwa ni mtu mzima na mkono wake unatosha, lakini ni vizuri familia iwe pamoja.

“Siwezi,” Javan akasema. “Nikitia sahihi nimesema hakukuwa na mtu.”

“Mimi pia ninasali, baba,” Bitutu akamwambia. “Sikuletei karatasi ya kumkana Mungu. Huyu mama akibaki na kizazi na damu imekwisha, kizazi kitamzalia nani?”

Akabaki ametazama ukuta. Bitutu akamwacha, akampelekea Celestine. Mfuko wa kwanza wa damu ulikuwa umeshaanza kuingia, Celestine mwenyewe aliukubali kwa kichwa bila kuuliza umetoka kwa nani. Akashika kalamu. Mkono uliopasua mawe miaka yote ile haukuweza kushika kalamu sawasawa.

“Soma tena pale pa kizazi,” akasema.

Bitutu akasoma.

Celestine akafunga macho. Nilifikiri ametutoka. Midomo ikawa inacheza, na hii nilisikia kwa sababu nilikuwa nimeinama: “Baba wa mbinguni, wewe ndiye uliyekiweka. Nakurudishia. Usiseme nimekitupa.” Akatia sahihi. Halafu akasema kwa sauti yake ile ya machimboni, “Javan! Ingia hapa unishike mkono, ama utoke uende. Mlangoni hapo unazuia watu.”

Akaingia. Akamshika.

Kule chumba cha upasuaji alikaa sana. Sisi wawili tulikaa kwenye benchi. Javan aliuliza mara moja tu, “Ukisikia kitu kinazungumza nawe kwa miaka miwili, halafu kumbe hakipo?” Nilisogea tukakaa bega kwa bega. Daktari alipotoka, kofia imelowa jasho, alisema yu hai. Kizazi kimetoka. Javan akafunika uso kwa mikono, na mpaka leo sijui alikuwa analilia kipi kati ya hivyo viwili, na sijamuuliza.

Hospitali haiuzi damu, lakini ukipewa, familia inaombwa irudishe, ili atakayeletwa kesho asikute friji tupu. Celestine alikuwa ametumia mifuko miwili. Javan akaenda asubuhi iliyofuata, akatolewa, akarudi na pamba kwenye kiwiko amenyoosha mkono kama amevunjika. Mimi nikaenda, nikapimwa, nikafukuzwa.

“Mama, presha yako hii, unagombana na nani?” waliniuliza.

“Na nyinyi, kama hamnitoi.”

Hawakunitoa. Likabaki deni la mfuko mmoja. Niliwapigia watu wa kanisa, mmoja mmoja. Huyu ana homa, huyu yuko shambani, huyu atauliza kwanza. Wote walikuwa wanamuuliza Mama Nabii. Kila Bitutu alipopita na dawa alisema, “Kitanda cha dirishani, bado mmoja,” bila ubaya, na kila mara Celestine alijigeuza kwenye shuka kwa haya. Aliwahi kudaiwa vitu vingi, lakini hili lilimchoma.

“Kuna mtu atakuja hapa akose damu kwa sababu yangu,” alikuwa anasema. “Niandikie jina la hata adui.”

Jumamosi, saa za kuona wagonjwa, Mama Nabii akaingia wodini. Kanzu nyeupe, kilemba, msalaba mwekundu kifuani. Alikuwa ametoka Migori peke yake, bila ngoma. Nilisimama nimejaa maneno mpaka kooni, lakini Javan akaniwekea mkono begani, nikakaa.

Celestine akageukia dirishani.

“Nyar Lambwe,” Mama Nabii akasema. Sauti ilikuwa ndogo. “Nilimwona yule mzee. Sikudanganya. Nilimwona anaomba maji.”

“Sawa.”

“Labda alikuwa anaomba maji tu.”

Celestine akavuta shuka mpaka kifuani. “Na mimi nilikuwa naomba daktari. Na ulinisikia.”

“Nilikusikia.”

“Ukaimba.”

“Nikaimba.”

Basi. Hakuna aliyeomba msamaha, na kama unangoja kusoma kwamba walikumbatiana, pole. Mama Nabii alisimama pale akishika chuma cha kitanda. Halafu akaanza kukunja mkono wa kanzu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka juu ya kiwiko. Nilimwona kwa mara ya kwanza mkono wake: mwembamba, una kovu la moto, mkono wa mama yeyote wa jikoni.

“Sista,” akamwita Bitutu. “Mnatolea wapi damu? Na hiyo sindano, ni kubwa?”

“Ni kubwa,” Bitutu akasema. “Twende.”

Wakatoka. Wodi nzima ilikuwa inatazama ile kanzu ikipotea kwenye korido. Celestine alikuwa bado ameangalia dirishani, lakini alinivuta nguo.

“Min Clifford.”

“Sema.”

“Mfuate. Akitoka umnunulie soda na mkate. Ni mzee, asianguke njiani.”

“Mimi? Nimnunulie yule?”

“Enda.”

Nilienda nikilalamika. Niliporudi nimemshika Mama Nabii mkono, anatembea polepole, chupa ya soda mkononi, Bitutu alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda anamwambia Celestine, kwa sauti ya kila siku kama anayetangaza chai, kwamba kitanda cha dirishani hakidaiwi tena kitu.