Alama Thelathini za Mwalimu Makato

Jina lake kamili, kwa jinsi mtaa unavyolitaja, ni Sabini, binti wa Fundi Bomba aliyelaza mabomba ya barabara ya hospitali, barabara ikachakaa na kutengenezwa upya na mabomba yake yako vile vile. Mjukuu wa Mchimba Visima, aliyeshuka shimoni kwa kamba iliyosukwa na mkewe kwa sababu hakuamini mkono wa mtu mwingine. Kitukuu wa bibi aliyemkimbiza mwenye bomba la kulipia kwa ndoo tupu, mpaka watoto wa shule wakaruhusiwa kunywa bure. Wengine wana ukoo wa ng'ombe, wengine wa vitabu. Hawa ni ukoo wa maji.

Jina hilo la Sabini hakupewa na mama yake. Alilipata chuo kikuu alikosomea uhandisi, na aliyempa, bila kukusudia, ni Mwalimu Makato. Mzee huyo alifundisha mwendo wa maji kwenye mabomba, na wanafunzi walimwita Makato kwa sababu alikata alama kama kinyozi anavyonyoa mtoto wa shule, bila huruma na bila kuuliza. Ukipata hamsini kwake, wenzako wanakununulia soda. Ukipata sitini, unapiga simu nyumbani. Binti Fundi Bomba alipata sabini. Siku matokeo yalipobandikwa ukutani watu walitoka hata vitivo vingine kuja kumtazama, wamwone ana vichwa vingapi. Tangu hapo jina alilozaliwa nalo likafa njaa.

Alipomaliza akaajiriwa idara ya maji ya mji, kazi yake kutafuta mabomba yanayovuja. Alitembea na fimbo ya chuma. Ncha moja aliigusisha kwenye bomba, nyingine akaitega sikioni, akasikiliza maji yanavyolalamika chini ya lami. Wapita njia hawakumwacha salama.

"Dada, wanasemaje huko chini?"

"Wanasema ulipe bili," aliwajibu, na sikio halikutoka kwenye fimbo.

Lakini mji ulianza kulaza mabomba ya plastiki, na plastiki haisemi kama chuma. Maji yanapotea kimya kimya, nyie mnachimba kwa kubahatisha, leo hapa kesho pale, na madereva wanawatukania mpaka mababu. Sabini alichoka kubahatisha. Akataka kurudi darasani, asome shahada ya uzamili, ajue namna ya kuyasikia mabomba yasiyosema. Kwao somo hilo halikuwepo, ikabidi atazame ng'ambo.

Mara ya kwanza alikosea kama wengi wanavyokosea. Alichagua vyuo kwa uzuri wa picha zake, majengo ya vioo na vijana wanaocheka kwenye nyasi. Viwili vikamkubali. Nyumba nzima ikapiga vigelegele, mpaka mdogo wake aliposoma ukurasa wa pili na kunyamaza. Mdogo mtu huyo aliitwa Kasuku, alifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kudurufu, na kunyamaza kwake kulikuwa habari mbaya tosha.

"Wamekukubali, dada. Ila ada, chumba, chakula, vyote juu yako."

Mama yao akaweka mwiko chini. "Basi huo ni mwaliko gani? Umealikwa karamu, uje na sufuria yako, na mchele wako, halafu umlipe mwenye nyumba kwa kukukaribisha?"

Kisha, kama mama yeyote, akasema yuko tayari kuuza nyumba. Sabini akakataa katakata. Alirudi kuuliza waliomtangulia, akaelezwa siri ambayo wala si siri: kwa wahandisi, usiombe chuo, omba mtu. Tafuta profesa anayefanya utafiti unaoutaka wewe, mwandikie, mwonyeshe kazi yako. Akikuhitaji, mradi wake unakulipia ada na posho, nawe unamfanyia kazi maabara. Sabini akasoma maandiko ya maprofesa kila alipotoka kazini, akawaandikia. Wengi hawakujibu. Mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akichunguza mabomba ya plastiki, alijibu siku iliyofuata, akamsaili kwa simu ya video, wakaongea mavujo mpaka chaji ikaisha. Mwishoni yule profesa akasema, "Nafasi ninayo na pesa ninazo. Tuma karatasi zako ofisini."

Karatasi zikaenda. Ofisi ikajibu.

Kasuku aliisoma barua yao kwa sauti, akaisoma tena kana kwamba ya pili ingekuwa na adabu zaidi. Ofisi ilisema ufadhili ni kwa wenye alama themanini na kwenda juu. Alama yake ya juu kabisa katika somo lenyewe ni sabini kwa mia. Kama kuna maelezo, mwalimu wa somo ayatoe yeye mwenyewe kabla ya Ijumaa. La sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Sabini ni ndogo?" Mama alisimama. "Hao watu wanamjua Makato? Nipe hiyo simu niwapigie!"

"Mama, hawawezi kukuelewa."

"Wataelewa sauti."

Sabini hakucheka. Jina lililokuwa fahari yake ndilo lililomzibia mlango. Akamchukua Kasuku na kompyuta yake ya kubeba, wakaenda kwa Mwalimu Makato, aliyekuwa amestaafu.

Walimkuta uani amechuchumaa na pima maji, anabishana na mwashi juu ya mfereji.

"Mzee, imekaa karibu sawa," mwashi alisema.

"Maji hayajui karibu sawa. Bomoa." Akageuka. "Nani hao?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuniomba nini?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Hali haijuliwi na watu wawili na kompyuta. Kaa, sema."

Sabini akasema yote. Mzee akasikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Wanataka nibadilishe alama?"

"Hapana mwalimu, ueleze tu. Waambie sabini yako ni kubwa."

"Sabini ni sabini. Haikui kwa kuelezwa."

Kasuku akashindwa kujizuia. "Babu, si uandike tu kwamba dada alikuwa bora kuliko wote?"

"Wote wapi? Mimi sikuwapima wote. Na isitoshe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeona vijana wangapi wameharibiwa na sifa?"

"Basi andika alikuwa hodari."

"Hodari ni kipimo gani? Kina mita ngapi?"

Mwashi akacheka chini chini, mzee akamtupia jicho, mwashi akarudi kubomoa.

Sabini aliona Ijumaa inavyomjia kama lori lisilo na breki. Hapo hasira ya ukoo wake, ile ya bibi wa ndoo, ikapanda. Lakini hakupaza sauti.

"Sawa, mwalimu. Sikuombi unisifu. Nakuuliza swali moja, na ni haki yangu kulijua. Thelathini zangu zilikwenda wapi?"

Mzee akarudisha miwani machoni. Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe kipenzi.

"Thelathini zako? Nazikumbuka. Nazikumbuka zote! Tano nilikata kwa sababu uliandika jibu bila kipimo. Kumi na mbili. Kumi na mbili nini? Mbuzi?"

"Ni kweli, mwalimu."

"Tano nyingine, ulichora pampu inayoyarudisha maji kisimani. Ulikuwa na haraka. Na tano, mwandiko. Daktari angekuonea wivu."

Kasuku alikuwa akihesabu kwa vidole. "Hizo kumi na tano, babu. Na kumi na tano zilizobaki?"

Mzee akakohoa. Akautazama mfereji. Akamwambia mwashi aende akanywe chai, na mwashi, aliyekuwa anafaidi, akaenda kwa kujivuta.

"Hizo ni za swali la mwisho."

Sabini alilikumbuka. Bomba limezikwa, halitoi sauti, huruhusiwi kuchimba. Eleza utajuaje linapovuja. Alikuwa amejaza kurasa mbili, kumbe zote ziliambulia sifuri.

"Mwalimu, jibu lake lilikuwa nini?"

"Silijui."

"Hulijui?"

"Nililiweka kila mwaka tangu nikiwa kijana, nikisema labda siku moja mmoja wenu atanifundisha. Hakuna aliyewahi kupata hata nusu alama. Wengi waliandika porojo. Wewe uliandika ukaikosoa hesabu yako mwenyewe katikati ya ukurasa, ukaanza upya, ukakosea tena. Lakini ulikosea ukielekea pazuri. Nilikaa na karatasi yako likizo nzima."

Kisha Kasuku akaruka juu.

"Kumbe dada alipata sabini kwa themanini na tano, zaidi ya themanini kwa mia! Babu wee! Mtihani wako ulikuwa na kumi na tano za hewani!"

"Hazikuwa za hewani. Zilikuwa za siku zijazo," mzee alisema, naye akajikuta anacheka, meno yaliyobaki yote nje. "Haya, fungua hicho chombo. Andika ninavyosema, usiongeze."

Akaziorodhesha alama thelathini, moja moja, mpaka pampu na mbuzi. Alipofika swali la mwisho akaandikisha kwamba halikuwa na jibu, na kwamba kosa la kutowaambia wanafunzi ni lake yeye mwalimu. Kasuku akachomeka "mwanafunzi hodari sana" akidhani mzee haoni.

"Futa."

"Neno moja tu, babu."

"Futa. Andika hivi: Katika miaka yangu yote ya kufundisha, huyu peke yake ndiye aliyelijaribu swali hilo bila kudanganya."

"Si hiyo ni sifa?"

"Hiyo si sifa. Hiyo ni habari."

Barua ikaondoka jioni ile ile. Jumatatu ofisi ikajibu kwa maneno machache, kama kawaida ya ofisi: ufadhili umekubaliwa wote, ada, chumba na posho. Profesa naye akaandika yake pembeni. Alisema lile swali la mwisho ndilo maabara yake inalohangaika nalo, wao pia hawajalipata jibu, na anaomba, kama inawezekana, zile kurasa mbili zenye sifuri. Mama alipotafsiriwa hayo alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na ndoo, akidhani maji yametoka.

Habari haikai chumbani. Kabla Sabini hajafunga sanduku, lango la Mwalimu Makato lilikuwa na foleni: mhandisi wa barabara, bibi mmoja fundi wa umeme wa kiwandani, vijana wenye hamsini zao na hamsini na tano, wote wanataka kusoma zaidi, wote wanauliza alama zao zilikwenda wapi. Mzee alikuwa anawakumbuka kila mmoja, na macho ya kuandikia hana tena.

Sabini alimwita Kasuku, wakaketi juu ya sanduku ili lifungike.

"Kila Jumamosi utakwenda kwa mwalimu na kompyuta yako."

"Jumamosi mimi hulala, dada."

"Utalala Jumapili. Unamwandikia kila anachosema, unamsomea, anathibitisha, unatuma. Mtu asikupe soda ukamwongezea neno tamu. Akisema mbuzi, andika mbuzi."

"Na wale aliowakata kwa haki kabisa? Yule wa ishirini na mbili, amekuja mara tatu."

"Huyo naye ana sabini na nane zake za kuelezwa. Mpelekee kiti, na uende na chaji ya kutosha."