Aliyemkosha Ayman

Tangu wamzike Ayman, Mungu amrehemu, kaka yake Muhdhar hakuwa mtu wa kukaa. Akiletewa chai huiacha ikapoa, akaondoka. Akitoa salamu ya swala tu, yuko mlangoni atafuta viatu. Watu wa mtaa wao wa Kuze, Mombasa, walimwona akipita kichochoro kile kile mara ya pili, mara ya tatu, mpaka wakaacha kumuuliza aendako.

Kazi yake ilikuwa kukagua hatari za stima kazini. Wengi wajua kwamba stima hurusha mtu. Wachache wajua kwamba yaweza kumwua asiyegusa waya wowote. Bisibisi ikiteleza ndani ya bodi kubwa ya kugawia stima, moto huruka baina ya chuma na chuma, na aliyesimama mbele huungua kabla hajafumba jicho. Muhdhar hupiga hesabu moto huo ungekuwa mkali kiasi gani: transfoma ni kubwa vipi, nyaya ni nene vipi, swichi kuu yachukua muda gani kukata. Kisha hubandika onyo kwenye mlango wa bodi, kwamba mtu asimame umbali gani na avae nini. Moto wa namna hiyo ndio uliomchukua Ayman, fundi wa stima, katika ghala moja upande wa Kilindini.

Siku moja Muhdhar alikuwa Liwatoni, kwenye kiwanda cha barafu ya wavuvi. Alikuta mlango wa bodi uko wazi na feni ya mezani imeelekezwa ndani, inapuliza.

"Feni hii ya nani?"

"Ya bodi, ustadhi," akajibu Dzoro, fundi wa pale, Mgiriama mcheshi mwenye mabega mapana. "Yeye ndiye bosi. Sisi twajipepea kwa magazeti."

Muhdhar akaielekeza kamera yake ya joto ndani. Kiungo kimoja kilikuwa kinawaka kama kaa. "Nati imelegea hapa."

"Nimeiona. Naikaza kesho asubuhi."

"Ukishazima."

"Nizime? Boti zaingia alfajiri, wote wataka barafu. Nikizima, Riyadh atanigandisha mimi niuzwe kwa kilo."

Riyadh, meneja, alisema hayo hayo kwa adabu zaidi. Ripoti ije, wataifuata, inshallah. Lakini kuzima kungoje samaki wapungue. Muhdhar alikuwa na ruhusa ya kuandika. Ya kuzima hakuwa nayo.

Akarudi kwa Dzoro. "Ndani ya ovaroli umevaa nini?"

Dzoro akafungua vifungo kwa majivuno. Jezi nyekundu, inang'aa. "Timu yangu. Hata ikifungwa siivui."

"Hiyo ni nailoni."

"Na hii ovaroli ni turubai, ustadhi. Moto utaanza nayo kwanza. Ukifika ndani nishakimbia."

Muhdhar akaizima kamera yake. Jibu alikuwa nalo, ila hakuwa na haki ya kulitoa. Alilipata siku ile alipomkosha nduguye kabla ya kumvika sanda, na mkosha maiti huyasitiri aliyoyaona. Ndivyo walivyofundishwa chuo cha Kurani wangali wadogo, yeye na Ayman, mkeka mmoja. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama yao.

Alirudi nyumbani kwa haraka isiyo na sababu, akamkuta mama yake, Bi Afaf, akikanda unga wa mahamri. Hakuketi.

"Mama, aliyekosha maiti hasemi alichokiona."

"Hasemi. Kwani umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nataka kumwambia."

Mikono ya mama ikatulia ndani ya unga.

"Kuna fundi Liwatoni," Muhdhar akasema. "Kesho atatia mkono kwenye bodi yenye stima. Amevaa kama alivyovaa Ayman."

Bi Afaf akainua uso. "Siku ya maziko ulinionyesha uso wake tu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikulaumu."

"Najua."

"Kinachositiriwa ni aibu, baba. Mwanangu alifanya aibu gani? Alikwenda kazini." Akaupindua unga, akaukandamiza. "Mimi usinambie, sitaweza. Lakini huyo mwambie. Tena usimpunguzie."

Muhdhar alipotoka kuswali alfajiri hakurudi nyumbani. Alikatisha mji kwa miguu, Makadara, Ganjoni, mpaka Liwatoni. Wavuvi walikuwa wameshapanga makreti yao nje wakigombana nani wa kwanza. Dzoro alisimama mbele ya bodi, spana mkononi.

"Ustadhi. Umekuja kunisomea dua?"

"Nimekuja kukwambia habari za ndugu yangu."

Dzoro alitaka kucheka, akamtazama, akaacha.

"Alikuwa fundi kama wewe. Ovaroli yake ilikuwa nzito kama hiyo. Nilipoikata nimkoshe niliikuta nzima, imebabuka kifuani tu. Nikashukuru Mungu, nikasema mwili umesalimika. Nikaifungua. Ndani alivaa jezi, na ile jezi haikuungua, Dzoro. Iliyeyuka. Nilimwagia maji taratibu nikitaka kuitoa, nikawa nikivuta jezi, yaja ngozi. Nikaacha. Tulimvika sanda juu yake, tukamzika nayo."

Nje mtu alipiga kelele kuuliza barafu ya nani. Dzoro alikuwa akiitazama ovaroli yake.

"Ilikuwa nzima?"

"Nzima."

Dzoro akaiweka spana chini. Alizunguka ukuta mpaka kwenye swichi kuu, akaivuta, akaifunga kwa kufuli na ufunguo akautia mfukoni. Mashine zikanguruma kidogo, zikanyamaza, na kelele za wavuvi zikapanda.

Riyadh akatoka ofisini mbio. "Nani amekata?"

"Mimi, bosi."

"Na barafu?"

"Stoo kuna ya jana. Ikiisha, wangoje."

Riyadh akamgeukia Muhdhar. "Ni wewe umemtia maneno?"

"Ni mimi," Muhdhar akasema.

Dzoro hakuwangoja wamalize. Aliivua ile jezi, akaitupa juu ya kiti, akavaa ovaroli juu ya kifua kitupu, akaifunga vifungo. Akachukua testa ya kupimia stima, akagusa nguzo ya kwanza ya nyaya ndani ya bodi, ya pili, ya tatu. Testa haikulia. Akarudia tena zote tatu, polepole, midomo yake ikisema kitu. Ndipo akaingiza mkono.

Riyadh aliutazama mkono huo ukiwa ndani ya bodi. Kisha akatoka mwenyewe kwenda kuwaambia wavuvi wasubiri.