Maombolezo Ambayo Shangazi Pechi Hakuwa Ameyauza

Bibi alifariki asubuhi, na saa kumi jioni ilikuwa lazima achukuliwe kwenda kuchomwa moto, kama ilivyo desturi yetu. Mwombolezaji wa kumwimbia tulikuwa naye nyumbani, tena bure: shangazi yangu Pechi. Kijijini kwetu, ukifiwa, unatuma pikipiki imlete yeye. Miaka ishirini analilia mama za watu. Anauliza tu marehemu alikuwa na watoto wangapi, alipenda nini, halafu anaimba mpaka hata mashemeji wanaofurahia urithi wanalia.

Kwa hiyo sisi tulijua kilio cha kwetu kitakuwa moto.

Kwa mila zetu tukamkalisha Bibi kwenye kiti chini ya turubai, kidevu kimefungwa kitambaa, maua mpaka magotini. Wanawake wakakaa duara, mikono mabegani mwa wenzao. Shangazi akaanza: mama, ulinichemshia kunde ukalala njaa.

Jirani mmoja akanong'ona, "Hii si ya mama wa muuza mafuta?"

Shangazi akabadilisha. Mama, ulinibeba mgongoni ukivuka mto wenye mafuriko.

"Hii ya mke wa mwalimu," jirani akanong'ona tena.

Yaani hapo nikaelewa. Kila kitu cha Bibi alishakiimba kwenye misiba ya watu. Shangazi akakatiza wimbo, na wapiga ngoma tuliowakodi wakatuangalia.

Baba akaja. "Pechi, niite bendi ya mjini? Wana spika."

"Mama yangu asindikizwe na nyimbo za sinema, kaka?"

"Basi imba."

Hakuimba. Akanivuta mkono, "Washa skuta."

Tulienda kwa Irulayi, kijiji cha pili. Huyo naye anaombolezea watu, na hawajasalimiana na Shangazi tangu wagombanie msiba mmoja. Tulimkuta anatoa mbegu za ukwaju kwa kisu.

"Leo malkia kapotea njia?" akasema, wala hakuinuka.

"Dada, nitukane kesho. Mama amekufa. Saa kumi wanamchukua. Njoo umlilie wewe."

Irulayi akaweka kisu chini. "Pole. Lakini mama yako simjui. Niambie."

"Alikuwa anachemsha kunde..."

"Kunde nazijua. Mto naujua. Pechi, nimekaa kwenye misiba yako yote nikikusikiliza. Niambie ambayo hujaiuza."

Shangazi akakaa chini kwenye vumbi, na sari yake nzuri. Saa ya simu yangu ilisema nane na nusu. Nikamwambia, akanifokea ninyamaze.

Halafu akasema polepole, "Nilipoanza kazi hii alinipiga kwa fagio. Akaapa hatakula mchele ulionunuliwa kwa machozi ya watu. Nikajifanya nimeacha. Nikamwambia napalilia mashamba. Miaka ishirini nimemlisha mchele wa misiba, naye anausifu."

"Kumbe hakujua?" Irulayi akauliza.

"Alikuwa haendi misibani, miguu yake mibovu. Na kijiji kizima nilikiomba kisimwambie." Akafuta pua. "Lakini hiyo haiimbwi, dada. Mbele ya kaka yangu? Mbele yake mwenyewe?"

"Basi ita bendi," Irulayi akasema, akachukua kisu chake.

Mimi nilitamani bendi, nakiri. Shangazi akainuka, akakung'uta vumbi kwenye sari.

"Panda skuta," akamwambia.

Tukarudi watatu tumebanana. Irulayi aliketi miguuni pa Bibi na hakuzungusha maneno hata kidogo, akaimba: mama, ulikula kilio cha wenzio, ukasema mchele huu mtamu, binti yako kapalilia vizuri. Hakuna aliyenong'ona. Baba aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, na walipokuja kumbeba Bibi ilibidi aitwe mara mbili. Akapita mbele ya Shangazi bila kumtazama.

Wanawake hatufiki kwenye kuchoma; tunaishia kwenye kona ya barabara. Shangazi alibaki hapo analia ovyo, sauti imekatika, bila tuni yoyote, kama mtu asiyewahi kuimba.

Irulayi akamshika bega. "Shika tuni, Pechi, watu wanasikiliza."

Hakuweza.