Kitambaa cha Regilateri

Kwetu Kamembe umeme hukatika upendavyo na kurudi kwa kishindo. Friji ya pili ilipoungua, Papa alileta regilateri, kisanduku cha chuma kinachotuliza umeme kabla haujaingia kwenye friji. Maman akakifumia kitambaa cheupe kilichoshuka mpaka chini, chenye maua ya bluu pembeni. Alikuwa amekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kwao hakuna chombo kilichokaa uchi mbele ya wageni. Redio, televisheni, hata chupa ya chai, vyote vilivaa.

Mchana mmoja regilateri ikatoa moshi. Fundi alikuja, akafunua kitambaa, akaonyesha matundu ya ubavuni.

"Maman, iko inapumulia hapa. Umeifunga pua."

Papa alicheka mpaka akakaa chini. Kucheka mara moja, sawa. Lakini kisa hicho akakigawa kwa kila mgeni pamoja na soda: mke wangu aliifunga mashine pua! Nasi watoto tulicheka, maana Papa alicheka. Maman naye alicheka kidogo, akiwa ameinamia sinia.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta sebule nzima imevuliwa nguo. Sindano ya kufumia sikuiona tena mkononi mwa Maman hadi tulipomzika.

Leo nina regilateri yangu, na betri ya akiba kando yake. Vimekaa uchi, vinapumua vizuri sana. Mgeni akiingia huwa naona aibu, na simwambii kwa nini.